Mchezaji wa poka akitolewa, kitufe na blaindi vinakwenda kwa nani?

Swali kutoka Moshi: Sisi ni waongoza watalii saba. Wakati wa masika, mlima unapokuwa na wageni wachache, tunakutana Ijumaa jioni kucheza poka ya Texas Hold'em. Hatuchezi fedha, ila anayetolewa wa kwanza ndiye anayewanunulia wenzake nyama. Ijumaa iliyopita mwenye blaindi kubwa (lile kubwa kati ya madau mawili yanayowekwa kwa lazima kabla ya karata kugawiwa) alimaliza chipu zake zote, tukashindwa kukubaliana juu ya mgawo uliofuata. Baadhi walitaka kitufe, ile alama ya mgawaji, kiende kwa mchezaji anayefuata na blaindi zihesabiwe upya kuanzia hapo, kama inavyofanya programu ya simu ya mwenzetu mmoja. Wengine walisema kwa njia hiyo kuna mtu anakwepa kulipa. Tuliamua kwa kupiga kura, ikashinda njia ya programu. Tulipobaki watatu likatokea lile lile: mwenye blaindi kubwa akatoka, na wawili waliobaki wakabishana nani aweke nini, hadi tukahesabu chipu za kila mmoja, tukazitia kwenye bahasha na kuahirisha. Utaratibu sahihi ni upi?

Jibu:

Ndugu muulizaji, waliosema kwamba kuna mtu anakwepa walikuwa sahihi, na ningependa kundi lenu lielewe sababu kabla ya kuishika kanuni, kwa kuwa mwenye kuijua sababu ataweza kuamua hata tukio ambalo hakuna aliyelitaja mapema.

Karibu kila ubishi wa aina hii ninaoukuta katika meza ninazosimamia hapa Arusha huanzia mahali pamoja: wachezaji wanakitazama kitufe. Ni jambo la kueleweka, kwa sababu kitufe kinaonekana na ndicho kinachosogezwa kwa mkono baada ya kila mgawo. Hata hivyo kinachopaswa kufuatwa ni blaindi kubwa. Blaindi kubwa ni deni ambalo kila aliyekaa mezani analilipa mara moja katika kila mzunguko. Akishalilipa, mgawo unaofuata analipa blaindi ndogo, na mgawo wa tatu anapata kitufe, yaani nafasi ya kucheza wa mwisho baada ya karata za mezani kuanza kufunuliwa. Mpangilio huu una maana yake. Mtu analipa kwanza kwa kulazimishwa, bila hata kuziona karata zake, kisha ndipo anapewa nafasi iliyo bora kuliko zote. Utaratibu wowote unaompa mtu nafasi hiyo kabla hajalipa, au unaomlipisha mtu blaindi kubwa mara mbili mfululizo, umeharibu mzunguko.

Kwa hiyo kanuni inayotumika katika mashindano ni hii. Katika kila mgawo blaindi kubwa husogea hadi kwa mchezaji mmoja anayefuata ambaye bado yumo, haimruki mtu wala hairudi kwa aliyeilipa katika mgawo uliopita. Blaindi ndogo inakuwa kwenye kiti kilichokuwa na blaindi kubwa mgawo uliopita. Kitufe kinakuwa kwenye kiti kilichokuwa na blaindi ndogo mgawo uliopita. Zingatieni kwamba nimesema kiti, sikusema mtu. Ikiwa blaindi ndogo imeangukia kiti ambacho mwenyewe ameshatolewa, haiwekwi na mtu yeyote katika mgawo huo. Na ikiwa ni kitufe kilichoangukia kiti kitupu, kitawekwa mbele ya kiti hicho hicho kitupu na mgawo utaendelea. Hicho ndicho kinachoitwa kitufe mfu, na ndicho kinachotakiwa na kanuni za chama cha kimataifa cha wasimamizi wa mashindano ya poka, kilichoanzishwa mwaka 2001 na Matt Savage, Linda Johnson, Jan Fisher na Dave Lamb ili mashindano ya kasino mbalimbali yaache kuamua jambo moja kwa namna kumi.

Tuchukue meza yenu ya watu saba. Tuvipe viti namba kuanzia 1 hadi 7 kwa kufuata mshale wa saa, na tuseme blaindi ni chipu 200 na 400. Kitufe kiko kwenye kiti cha 1, blaindi ndogo kiti cha 2, blaindi kubwa kiti cha 3, na kiti cha 4 ndicho kinachoanza kucheza. Sasa mchezaji wa kiti cha 3 anapoteza chipu zake zote, kama ilivyotokea kwenu. Katika mgawo unaofuata blaindi kubwa inakwenda kiti cha 4. Blaindi ndogo ilipaswa kuwa kiti cha 3, lakini hakuna mtu, kwa hiyo katika fungu la katikati kutakuwa na 400 pekee kabla ya karata kugawiwa. Kitufe kinakwenda kiti cha 2. Katika mgawo wa pili blaindi kubwa iko kiti cha 5, blaindi ndogo iko kiti cha 4, na kitufe kinawekwa mbele ya kiti kitupu cha 3; kwa kuwa kiti hicho hakina mtu, anayecheza wa mwisho baada ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ni tena yule wa kiti cha 2. Katika mgawo wa tatu blaindi kubwa iko kiti cha 6, ndogo kiti cha 5, kitufe kiti cha 4, na kuanzia hapo meza imerudi katika hali yake, wala kiti cha 3 hakihesabiwi tena.

Mfuatilieni mtu wa kiti cha 4 katika migawo hiyo mitatu. Alilipa blaindi kubwa, kisha ndogo, kisha akapata kitufe. Mtu wa kiti cha 2 naye alishalipa blaindi zake zote mbili kabla ya kupata kitufe. Hakuna aliyeruka hatua.

Sasa tuitazame njia iliyoshinda katika kura yenu, ile ya kukipeleka kitufe kwa mchezaji anayefuata na kuzihesabu blaindi upya kutoka hapo. Kitufe kingekwenda kiti cha 2, blaindi ndogo kwa mtu wa kwanza kushoto kwake, yaani kiti cha 4, na blaindi kubwa kiti cha 5. Mtu wa kiti cha 4, ambaye zamu yake ya kulipa 400 ilikuwa imefika, analipa 200 tu, na mgawo unaofuata anapata kitufe. Blaindi kubwa imempita katika mzunguko mzima. Mtu wa kiti cha 5 naye ameitwa kulipa mgawo mmoja kabla ya wakati wake. Ikiwa mchezaji wa kiti cha 4 alikuwa amebakiwa na chipu 2,000, basi zile 400 alizookoa ni sehemu moja ya tano ya mali yake yote, na katika mashindano ambayo mwenye blaindi kubwa huweka pia ante, yaani dau la lazima la kila mchezaji, kwa niaba ya meza nzima, kiasi anachookoa huongezeka hadi maradufu. Nani alimpa zawadi hiyo? Hakuna uamuzi wowote mzuri alioufanya. Jirani yake alitolewa, basi. Kwenu, ambako wa kwanza kutolewa ndiye anayenunua nyama, na hata kwingineko ambako kuna zawadi kubwa zaidi, jambo hili linaharibu hata namna watu wanavyocheza, kwa kuwa mtu wa kiti cha 4 anapata sababu ya kumkabili jirani wa kulia kwake kwa karata ambazo kwa kawaida angezitupa.

Ninyi mnaotoka katika miteremko ya Kilimanjaro mnaijua zamu ya kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji wa kijiji: jirani aliyekutangulia akihama kijiji, zamu yako ya jembe inabaki pale pale ilipokuwa, na hakuna mzee atakayekubali useme kwamba kwa sababu yule amehama nawe umesamehewa. Blaindi kubwa ni zamu ya namna hiyo.

Wakitolewa wengine, hali huwa nyepesi zaidi. Akitolewa mwenye blaindi ndogo wa kiti cha 2, mgawo unaofuata blaindi kubwa iko kiti cha 4, blaindi ndogo iko kiti cha 3, na kitufe kinawekwa kwenye kiti kitupu cha 2. Mtu wa kiti cha 1 anacheza wa mwisho kwa mara nyingine, kisha mambo yanarudi sawa. Akitolewa mwenye kitufe, au yeyote aliyekaa kati ya kiti cha 4 na cha 7, hakuna la kufanya; vitu vyote vitatu vinasogea kama kawaida, na kiti kitupu kinapitwa. Kinachowashangaza watu ni pale wanapotolewa wawili katika mgawo mmoja, mwenye blaindi ndogo na mwenye blaindi kubwa. Hapo, katika mgawo unaofuata, mtu wa kiti cha 4 anaweka blaindi kubwa, hakuna blaindi ndogo, na kitufe kiko kwenye kiti kitupu cha 2. Mgawo wa baada ya huo blaindi kubwa iko kiti cha 5, ndogo kiti cha 4, na kitufe kiko kwenye kiti kitupu cha 3. Mtu wa kiti cha 1 atakuwa amecheza wa mwisho mara tatu mfululizo. Wachezaji hulalamika, nami huwaeleza kwamba utaratibu umefuatwa kikamilifu. (Katika tukio kama hilo, kwa kuwa kwenu nafasi ya kwanza kutoka ina gharama, mjue pia kwamba kati ya wawili waliotolewa katika mgawo mmoja kwenye meza moja, aliyeanza mgawo huo na chipu nyingi zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa amemshinda mwenzake. Mwenye chache ndiye anayenunua nyama.)

Malalamiko hayo nayachukulia kwa uzito, kwa sababu kucheza wa mwisho ni faida ya kweli: unaona wenzako wote wamefanya nini kabla hujaamua. Lakini pimeni kipi ni kibaya zaidi. Aliyepewa nafasi ya mwisho mara mbili bado anapaswa kuitumia vizuri, na akiwa na karata mbovu atazitupa tu kama siku nyingine. Aliyesamehewa blaindi kubwa amebaki na chipu mkononi bila kufanya lolote. Ndiyo maana kanuni alizoziandika Bob Ciaffone, ambazo vyumba vingi vya karata vilizifuata kwa miaka mingi, zinasema wazi kwamba katika mashindano kila mchezaji lazima alipe blaindi zote za kila mzunguko, na kwamba kwa sababu hiyo mtu mmoja anaweza kuwa wa mwisho kucheza katika migawo miwili inayofuatana. Katika michezo ya fedha taslimu, ambako mtu anaondoka na kurudi anapotaka, kuna vyumba vinavyokubali kitufe kirukie mtu anayefuata, na blaindi zilizokosekana hudaiwa kwa njia nyingine. Programu za simu nazo hutofautiana, na baadhi zimetengenezwa kwa urahisi wa mtengenezaji kuliko kwa haki ya mzunguko. Katika mashindano, ambako aliyetolewa harudi, sioni sababu ya kuiacha kanuni ya kitufe mfu.

Kuna mambo mawili ya kiutendaji ambayo yatawaondolea matatizo mengi. La kwanza, msikiondoe kiti cha aliyetolewa papo hapo. Kwenye meza za nyumbani watu wana tabia ya kusogeza viti ili kukaa kwa nafasi, na baada ya dakika moja hakuna anayekumbuka pengo lilikuwa wapi. Kiacheni hadi kitufe kikipite. La pili, wekeni alama ya blaindi kubwa. Kizibo cha soda kinatosha: kisogezeni mtu mmoja katika kila mgawo, na msiguse kitufe kabla kizibo hakijatulia mahali pake. Kwa maoni yangu kizibo hicho kina manufaa kuliko kitufe cha plastiki kinachouzwa pamoja na seti za chipu, kwa kuwa kinalazimisha meza nzima kuanzia kwenye deni.

Huenda mtauliza nani anagawa karata wakati kitufe kiko kwenye kiti kitupu. Mnapogawa wenyewe kwa zamu, agawe yule aliye kulia kwa kiti hicho, ambaye ndiye atakayecheza wa mwisho. Karata ya kwanza inakwenda kwa mtu wa kwanza aliyebaki upande wa kushoto wa kitufe, na baada ya flopu huyo huyo ndiye anayeanza. Kabla ya flopu anaanza aliye kushoto kwa mwenye blaindi kubwa, hata katika mgawo usio na blaindi ndogo, na anayetaka kufuata anaweka 400 kamili kama siku zote.

Sasa nije kwenye bahasha zenu. Mlipokuwa watatu, mmoja alikuwa na kitufe, wa pili blaindi ndogo, na wa tatu, mwenye blaindi kubwa, akatolewa. Nadhani ubishi ulikwenda hivi: aliyekuwa na kitufe alisema kitufe sasa ni cha mwenzake, kwa hiyo yeye, aliye kushoto kwa kitufe, aweke blaindi ndogo, na mwenzake aweke kubwa. Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili si kweli. Wakibaki watu wawili, mwenye kitufe ndiye anayeweka blaindi ndogo. Anapewa karata ya mwisho, anaanza kucheza kabla ya flopu, na anacheza wa mwisho katika raundi zote zinazofuata. Ingekuwa kinyume, mwenye kitufe angecheza wa mwisho kabla ya flopu na baada yake, na mwenzake angetangulia kila mara bila kupata chochote; kwa utaratibu huu faida zinagawanywa.

Kwa hiyo mtakapofungua bahasha, aliyekuwa na blaindi ndogo atachukua kitufe na kuweka blaindi ndogo tena, na aliyekuwa na kitufe ataweka blaindi kubwa. Wa kwanza asilalamike kwamba anaweka blaindi ndogo mara mbili mfululizo. Linalokatazwa ni mtu kulipa blaindi kubwa mara mbili mfululizo, na mwenzake ndiye anayefuata katika zamu ya deni hilo.

Ili msikwame tena mnapotoka watatu kwenda wawili, ulizeni swali moja: aliyelipa blaindi kubwa mgawo uliopita bado yumo? Akiwa yumo, yeye anachukua kitufe na blaindi ndogo, na mwenzake analipa kubwa. Ndivyo itakavyokuwa akitolewa mwenye kitufe, na ndivyo itakavyokuwa akitolewa mwenye blaindi ndogo, ingawa katika matukio yote mawili kitufe kitaonekana kimeruka. Kirukeni bila wasiwasi. Katika hatua ya watu wawili hakuna kitufe cha kuwekwa kwenye kiti kitupu. Ikiwa aliyetolewa ndiye aliyekuwa amelipa kubwa, fanyeni kama nilivyoeleza kuhusu bahasha zenu.

Siku mtakapokuwa na meza mbili, swali litabadilika kidogo. Meza moja ikipungukiwa watu, anayehamishwa ni yule ambaye angefuata kulipa blaindi kubwa kwenye meza anayotoka. Anapofika meza mpya anachukua haki na wajibu wa kiti anachopewa, hata kama kukaa tu kunamkuta na blaindi kubwa ambayo pengine aliilipa muda mfupi uliopita kule alikotoka. Mahali pamoja tu hagawiwi karata: kati ya blaindi ndogo na kitufe. Akikaa hapo, anasubiri kitufe kimpite.

Na ikiwa mmekosea, mkagundua katikati ya mgawo kwamba kitufe kiko mahali ambapo hakikupaswa kuwa? Angalieni mchezo umefika wapi. Ikiwa wachezaji wawili wameshacheza kwa zamu, na angalau mmoja wao ameweka chipu, au ikiwa kumekuwa na vitendo vitatu vya aina yoyote, vikiwemo vya kutupa karata, mgawo huo unaendelea hadi mwisho kama ulivyo. Kuweka blaindi hakuhesabiwi katika vitendo hivyo. Ikiwa mchezo haujafika huko, karata zote zinarudishwa, kila mtu anachukua alichoweka, na mgawo unaanza upya kitufe kikiwa mahali pake. Mgawo uliokosewa na kuachwa uendelee hauharibu mzunguko moja kwa moja: ukiisha, msijaribu kukumbuka kitufe kilikuwa wapi, bali mtafuteni mtu ambaye zamu yake ya kulipa blaindi kubwa ilirukwa, alipe yeye, kisha vipangeni vingine vyote kutokana na kiti chake.